Picha za kujipigia: Mambo ya kumfaa mwandishi huru wa makala ya mtandaoni

MNAMO mwaka wa 2017, wakulima wa mahindi magharibi mwa Kenya, wakiwemo wale wa Trans Nzoia na Bungoma, waliamka na kukuta majani ya mimea yao yametobolewa na mdudu wasiyemfahamu. Alikuwa kiwavijeshi vamizi, mwenye asili ya bara la Amerika, ambaye aliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka mmoja tu uliotangulia. Mkulima mwenye simu yenye intaneti alitaka jibu la swali moja: je, huyu niliyemshika mkononi ndiye?

Jibu la swali hilo haliwezi kutolewa kwa maneno matupu. Kiwavi huyo hutambuliwa kwa alama ya herufi Y iliyopinduliwa kichwani na, muhimu zaidi, madoa manne meusi yaliyopangika mraba karibu na mkia. Mwandishi aliyeazima picha ya kwanza aliyoiona mtandaoni angeweza, bila kujua, kumwonyesha msomaji wake kiwavijeshi wa Kiafrika, mdudu mwingine kabisa ambaye amekuwapo humu kwa miaka na mikaka. Lakini mwandishi aliyetembea hadi shamba la jirani huko Kwanza, akafunua majani machanga ya mhindi na kupiga picha ya mdudu, ya matundu aliyoyaacha na ya kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao, alikuwa na makala ambayo wenzake wa Nairobi au London hawakuwa nayo.

Hapo ndipo ilipo thamani ya picha asilia kwa mwandishi huru, yaani yule asiyeajiriwa na chombo chochote na ambaye huuza makala yake kwa tovuti mbalimbali. Mwandishi wa aina hii anashindana na maelfu ya wengine duniani walio na kamusi zile zile na vyanzo vile vile. Kile ambacho hawana ni uwezo wa kufika Kapomboi, Keiyo au Bidii asubuhi ya leo na kurudi na picha.

Tangu Juni 2011, pale Google ilipoanzisha utafutaji wa picha kwa kutumia picha yenyewe, mhariri yeyote anaweza kubaini kwa sekunde chache kwamba yule mkulima anayetabasamu kwenye makala aliyotumiwa ametabasamu vivyo hivyo kwenye tovuti nyingine mia moja. Siku hizi kuna balaa jingine: picha zilizoundwa na akili mnemba. Ukiiagiza programu ikuchoree tembo ndani ya pango la Kitum katika Mlima Elgon, itakupa tembo wa kupendeza mno, ila pango litakuwa la kubuni na kuta zake hazitakuwa na alama za pembe za tembo wanaochokora chumvi. Anayelijua pango hilo ataitambua hila hiyo papo hapo, na baada ya hapo hataamini hata sentensi zilizo za kweli.

Nuru, simu na subira

Watu wengi hudhani kwamba kikwazo cha kwanza ni kamera. La hasha. Simu ya kawaida ya kisasa hutoa picha iliyo kubwa kuliko inavyohitajiwa na tovuti nyingi. Kikwazo ni nuru.

Kitale na viunga vyake iko takriban digrii moja kaskazini mwa ikweta, na upande wa magharibi kabisa wa nchi. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, jua hupanda upesi na kusimama karibu na utosi, likiangusha vivuli vizito chini ya kofia, nyusi na pua, hata uso wa mtu ukaonekana kama una mashimo mawili badala ya macho. Pili, utosi huo haufikiwi saa sita kamili kama inavyodhaniwa bali yapata saa sita na dakika 40, kwa kuwa saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa mstari ulio mbali upande wa mashariki, karibu na pwani ya Somalia. Kwa hiyo nuru laini ya asubuhi hudumu kidogo zaidi kuliko Mombasa, na mpigapicha wa Kwanza anaweza kufanya kazi hadi saa tatu bila taabu. Jioni nuru nzuri hurejea kuanzia saa kumi na moja, lakini tangu Aprili hadi Agosti mvua ya alasiri haina adabu. Ndiyo sababu wenye uzoefu hukamilisha kazi zao asubuhi. Mlima Elgon nao hujifunika mawingu mapema, na anayetaka kilele cha Koitoboss, chenye urefu wa mita 4,222, kionekane nyuma ya shamba sharti awe barabarani kabla ya jua kuchomoza.

Iwapo hapana budi kupiga picha mchana, mhusika na aombwe kusimama chini ya upenu wa nyumba au kivuli cha mti, akitazama upande wa mwangaza. Simu hujipima kwa kitu chenye mwangaza mwingi, na mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au anga tupu, uso wake utatoka kama kivuli. Dawa yake ni kugusa uso huo kwenye kioo cha simu ili kipimo kifuate uso, si ukuta. Na lenzi ipanguswe! Wakati wa mavuno, mashine za kupukuchua mahindi hurusha vumbi ambalo hutanda kwenye kioo cha lenzi na kuifanya picha ionekane kana kwamba imepigwa ndani ya moshi.

Kukuza picha kwa vidole ni mazoea mabaya, maana simu nyingi huikata tu picha na kuivuta. Afadhali mwandishi apige hatua tano mbele. Kwa tukio lolote ni busara kuchukua angalau picha tatu: moja ya mbali inayoonyesha mahali, moja ya kati inayoonyesha mtu na kazi yake, na moja ya karibu inayoonyesha mikono, chombo au kitu chenyewe. Makala kuhusu uanikaji wa mahindi, kwa mfano, hukamilika ikiwa na turubai lililotandazwa uani, mama anayegeuza mahindi kwa reki, na kiganja chenye punje zilizoota kuvu. Ile ya kuvu ndiyo msomaji atakayoihifadhi.

Si kila kitu hupigika kwa simu. Nzohe wa kinamasi cha Saiwa, mbuga ya kitaifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, huonekana kwa mbali kutoka kwenye minara ya mbao, tena alfajiri au jioni. Bila lenzi ndefu atakuwa doa la kahawia tu. Afadhali mwandishi apige picha ya mnara, mafunjo na njia ya mbao, kisha aeleze kwa maneno jinsi mnyama huyo anavyojificha. Kuhusu ndege zisizo na rubani ambazo vijana wengi wanazitamani, kanuni za mwaka wa 2020 zinamtaka anayezirusha kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Angani (KCAA). Kuirusha tu juu ya mashamba kwa sababu hakuna askari karibu ni kujitafutia hasara.

Maelezo ya picha

Picha bila maelezo sahihi ni nusu ya kazi. Maelezo mazuri hutaja ni nani au nini, wapi, lini, na aliyepiga. Hilo la "wapi" huwatatiza wengi wanaoandika kuhusu Kwanza. Kabla ya uchaguzi wa 2013, eneobunge la Kwanza lilijumuisha Endebess, na makala ya zamani yanayoweka pango la Kitum au lango la Chorlim katika Kwanza hayakukosea kwa wakati wake. Leo Endebess ni eneobunge linalojitegemea. Vivyo hivyo, kuandika kwamba Kwanza iko katika Mkoa wa Bonde la Ufa na Bungoma katika Mkoa wa Magharibi ni kuzungumza kuhusu utawala uliotoweka pale kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013. Mhariri aliye ng'ambo hawezi kulijua hilo. Mkazi wa Kitale atalijua, na atacheka.

Kuna pia yale maelezo mafupi yasiyoonekana, yanayowekwa nyuma ya picha ili programu za kuwasomea vipofu ziyatamke. Injini za kutafutia nazo huyasoma. "Mwanamke akipukuchua mahindi kwa mkono nje ya nyumba ya mabati, Kwanza" ni maelezo. "Picha1" si maelezo. Jina la faili lenyewe lifuate mkondo huo huo: neno mahindi, neno Kwanza na mwaka vina faida kuliko zile herufi na tarakimu ambazo simu hujipangia.

Kwa upande wa ukubwa, upana wa pikseli 1,200 unatosha tovuti nyingi, na ndicho kiwango ambacho Google hukipendekeza kwa picha zinazotarajiwa kuonyeshwa zikiwa kubwa katika huduma yake ya Discover. Zaidi ya hapo, ni kumtoza msomaji bando bila sababu. Nakala kubwa ya asili isipunguzwe wala kuhaririwa kamwe. Hariri nakala yake. Na anayetuma picha kwa mhariri kupitia WhatsApp aitume kama faili, si kama picha, kwa maana njia ya kawaida huibana hadi ikakosa nguvu.

Jambo jingine ni taarifa zilizofichwa ndani ya faili: tarehe, aina ya simu na, ikiwa imeruhusiwa, mahali hasa picha ilipopigwa. Taarifa hizi ni ushahidi wa thamani kubwa siku ya mgogoro wa umiliki, kwa hivyo saa ya simu iwe sahihi na nakala asilia itunzwe ilivyo. Hata hivyo, nakala inayochapishwa isibebe alama ya mahali bila kufikiriwa. Trans Nzoia ni kaunti yenye migogoro ya mashamba isiyokwisha. Mwandishi anayemficha jina maskwota aliyezungumza naye, kisha akachapisha picha ya mlango wake ikiwa na vipimo vya mahali ndani yake, hakumficha hata kidogo.

Idhini ya anayepigwa picha

Hapa ndipo waandishi wengi wa mtandaoni huteleza, pengine kwa kudhani kwamba kilichotendeka hadharani ni mali ya umma. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikaongeza makali: picha ya mtu anayetambulika ni data yake ya kibinafsi, na kuitumia kwa biashara bila idhini ni kosa. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitangaza kuitoza shule moja ya Uthiru faini ya Sh4.55 milioni kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja cha Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha za mteja aliyekuwa akistarehe. Hakuna aliyeiba kamera ya mtu wala kuruka ua. Walipiga picha tu, kisha wakazichapisha.

Ni kweli kwamba sheria hiyo inatoa nafasi kwa uanahabari, fasihi na sanaa pale manufaa ya umma yanapohusika. Lakini mwandishi huru asijifunike blanketi hilo kwa pupa. Makala kuhusu bei ya mbolea katika Kwanza yanaweza kuitwa habari. Makala yaliyolipiwa na kampuni ya mbolea ili kusifu bidhaa zake ni tangazo, hata yakiandikwa kwa lugha ya habari. Mkulima aliyekubali picha yake itumike katika hayo ya kwanza hakukubali itumike katika hayo ya pili.

Idhini haihitaji karatasi ya wakili. Inatosha sentensi mbili tatu zinazotaja jina la mtu, tarehe, mahali picha itakapotumika na kwamba inaweza kuuzwa, kisha sahihi au alama ya kidole. Pale ambapo mhusika hasomi, arekodiwe kwenye simu akieleza kwa lugha yake, iwe Kibukusu, Kisabaot au Kipokot, kwamba ameelewa na amekubali. Neno "mtandaoni" lifafanuliwe. Wazee wengi huitikia picha wakidhani itatundikwa ukutani kwa mwandishi, si kwamba mjukuu wao aliye Qatar ataiona kesho.

Kuhusu watoto, idhini ni ya mzazi au mlezi, na hata ikipatikana ni lazima picha iwe kwa faida ya mtoto. Katika eneo hili jambo hili si la nadharia. Wabukusu, ambao wako kwa wingi Bungoma na pia Kwanza, hupasha tohara wavulana wao mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mvulana hupakwa matope mtoni alfajiri na kurejeshwa nyumbani akiwa uchi, akisindikizwa na umati unaoimba. Jamii inamtazama kwa fahari, na hakuna anayeona haya. Mtandao hauna fahari hiyo. Picha ya mvulana wa miaka 12 akiwa uchi, ikiondolewa uani kwa babake na kuwekwa mahali ambapo mtu yeyote duniani anaweza kuichukua, hugeuka kuwa kitu kingine, na Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha yake bila kujali kwamba umati mzima ulikuwapo.

Mwandishi makini ana mengi ya kupiga bila kumgusa mtoto: njuga mikononi, miguu ya wachezaji ikitifua vumbi, ng'ombe anayesubiri kuchinjwa, uso wa mjomba aliyekubali kupigwa picha, ukungu juu ya mto kabla ya watu kufika. Wahariri wa nchi za nje huomba ile nyingine. Wakataliwe.

Tahadhari kama hiyo inahitajika kwa picha za taabu. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 na mapigano ya Mlima Elgon yaliyofikia kilele kabla ya operesheni ya kijeshi ya Machi 2008 ziliwaacha watu wengi wa Trans Nzoia na Bungoma katika kambi na makanisa. Mtoto aliyepigwa picha akiwa na bakuli wakati huo sasa ni mtu mzima, pengine mwalimu au mhudumu wa bodaboda. Kuichukua picha kama hiyo kutoka kwenye maktaba yako na kuipachika juu ya makala ya leo kuhusu njaa ni kumtendea dhuluma mtu ambaye unaweza kukutana naye stendi ya Kitale. Kila picha ya zamani iandikwe mwaka wake.

Nani mwenye picha?

Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyoanza kutumika Februari 2003, haimtaki mpigapicha kujisajili popote ili alindwe. Hakimiliki huzaliwa pale picha inapopigwa. Kusajili kazi katika Bodi ya Hakimiliki (KECOBO) ni hiari, ingawa cheti chake husaidia mbele ya mahakama. Makala hulindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, ilhali picha hulindwa kwa miaka 50 tu tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au kuchapishwa, kutegemea lipi lilikuja baadaye. Kwa maneno mengine, mwandishi kijana anayeishi hadi uzeeni anaweza kuona picha zake zikiwa huru kwa kila mtu ilhali sentensi alizoandika chini yake bado ni zake. Wabunge hawakueleza kwa nini jicho lithaminiwe chini ya kalamu.

Lakini mtego mkubwa uko kwenye kifungu cha 31 cha sheria hiyo. Kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama kuna makubaliano yanayozuia au kupunguza uhamisho huo. Waandishi wengi huru wa Kenya wanaamini kinyume chake, kwa sababu wamesoma maelezo yaliyoandikwa kwa kufuata sheria za nchi nyingine. Tofauti yake ni hii: mwandishi aliyepiga picha 30 za soko la Chwele kwa hiari yake, kisha akaipa tovuti ruhusa ya kutumia tatu, amebaki na zote 30. Mwandishi yuyo huyo akiagizwa na mteja, "Nenda Chwele unipigie picha za soko," na asiandike lolote kuhusu umiliki, huenda asibaki na hata moja.

Ndiyo maana barua pepe moja kabla ya safari ina uzito kuliko wakili baada ya safari. Iseme kwamba hakimiliki ya picha inabaki kwa mpigapicha, kwamba mteja anaruhusiwa kuzitumia katika makala fulani na tovuti fulani, kwa muda fulani, na kwamba jina la mpigapicha litatajwa. Mteja ajibu kwamba amekubali kabla ya nauli kulipwa. Sheria inataka uhamisho wa hakimiliki, au leseni ya kumpa mtu mmoja peke yake, uwe wa maandishi yenye sahihi. Leseni ya kawaida, hata hivyo, yaweza kutolewa kwa mdomo au kubainika kutokana na mwenendo wa wahusika. Anayemtumia mhariri picha kumi bila neno lolote kwa hivyo asishangae zikitumika zote.

Mikataba ya tovuti kubwa za kazi huwa na kifungu chake kuhusu suala hili, na aghalabu humpa mteja kila kitu mara malipo yanapokamilika. Kifungu hicho kisomwe kabla ya picha kupakiwa. Ikiwa bei inayotolewa ni ya makala pekee, mwandishi ana haki ya kuuliza picha zimelipwa wapi. Wateja wengi hawakatai kuongeza kitu. Wanangoja tu kuulizwa.

Kuna haki moja ambayo hata aliyeuza kila kitu hubaki nayo: kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumharibia jina. Picha ya foleni ya wakulima mbele ya ghala la Bodi ya Nafaka mjini Kitale ikikatwa na kuwekewa maneno ya mkutano wa kisiasa, aliyeipiga ana neno la kusema.

Kufa kwa tovuti

Wale walioanza kazi hii miaka ya 2000 katika saibakafe za Kitale na Bungoma, wakilipa kwa dakika, wanakumbuka majina yaliyokuwa kama benki: Associated Content, Helium, Squidoo. Ya kwanza ilinunuliwa na Yahoo mwaka wa 2010, na kufikia mwisho wa 2014 zote tatu zilikuwa zimefungwa au kumezwa na nyingine. Mwandishi aliyekuwa na nakala moja tu ya picha zake, ile aliyoipakia huko, alibaki na kumbukumbu.

Nakala ziwe tatu: moja kwenye kipakatalishi au simu, moja kwenye kadi au diski inayotunzwa nyumba nyingine, na moja kwenye hifadhi ya mtandaoni yenye akaunti ya mwandishi mwenyewe. Kila folda ipewe tarehe na mahali, na ndani yake iwekwe ile sauti au karatasi ya idhini. Miaka mitano baadaye hakuna atakayekumbuka ni mama yupi wa Kapomboi aliyekubali na ni yupi aliyekataa.

Hesabu za malipo zitunzwe pamoja. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia tano inayokatwa kwenye malipo ya maudhui ya mtandaoni kwa wakazi wa Kenya, na mwandishi aliyekatwa anahitaji cheti chake anapowasilisha ripoti ya mwaka kwa KRA.

Picha ikiibwa

Kuitafuta si kazi ngumu. Mara moja kwa mwezi mwandishi aziweke picha zake zenye soko kwenye Google au TinEye na atazame zinakojitokeza. Akiikuta mahali asipopaua ruhusa, hatua ya kwanza si hasira bali ushahidi: apige picha ya ukurasa wenyewe, ikionyesha anwani na tarehe, kabla hajamwandikia mtu yeyote. Kurasa huwa na tabia ya kutoweka barua ya kwanza inapofika.

Baadhi ya wezi hujitetea kwamba picha ilikuwa Facebook au Twitter, kwa hivyo ni ya wote. Utetezi huo ulipimwa nchini Marekani katika kesi ya mpigapicha Daniel Morel wa Haiti, ambaye aliweka mtandaoni picha za tetemeko la ardhi la Januari 2010, zikachukuliwa na kusambazwa na mashirika makubwa ya habari bila ruhusa yake. Mnamo Novemba 2013 baraza la mahakama mjini New York liliamua alipwe dola milioni 1.2. Kuionyesha picha dirishani si kuigawa.

Kenya nayo ilirekebisha Sheria ya Hakimiliki mwaka wa 2019 na kuweka utaratibu wa notisi ya kuondoa. Mwenye kazi huiandikia kampuni inayohudumia tovuti husika, akitaja jina na anwani yake, kazi iliyochukuliwa, ukurasa ilipo, juhudi alizofanya kumfikia aliyeiweka, na kuambatanisha kiapo kwamba kazi ni yake. Kampuni hiyo inatakiwa kuzuia ukurasa huo katika muda wa saa 48, isipokuwa aliyeiweka awasilishe notisi ya kupinga. Tovuti ikiwa inahudumiwa Marekani, kama zilivyo nyingi, notisi hufuata sheria ya huko ya 1998, na kampuni nyingi zina fomu yake tayari mtandaoni. Kujaza hakuzidi nusu saa, na hakuhitaji wakili.

Hata hivyo, si kila mwizi ni wa kupelekewa kiapo. Kituo cha kijijini kilichochukua picha ya viwavijeshi ili kuwaonya wakulima kinaweza kuombwa tu kitaje jina la aliyeipiga. Kampuni ya dawa za kuua wadudu iliyoipachika kwenye lebo yake ni habari nyingine: hiyo iandikiwe barua fupi yenye nakala ya ushahidi, bei ya leseni kwa matumizi yaliyokwisha kufanyika, na nambari ya akaunti.